Kuuzunguka Mlima kwa Baiskeli ya Baba

Tangu nirudi sijaweza kununua hata fungu la nyanya bila kusimamishwa. "Mwalimu Beata, ni kweli ulifika Rombo kwa baiskeli?" Wengine mmesikia nililala porini na tembo, wengine kwamba nilikamatwa mpakani. Habari ya tembo ina ukweli kidogo. Ya mpakani ina ukweli zaidi ya kidogo. Nimechoka kuisimulia nikiwa nimesimama juani na kikapu mkononi, kwa hiyo naiandika mara moja, someni, mpeane.

Kwanza kuhusu kaka yangu, maana wengi wenu mnamjua kwa jina tu. Aloisi ni mkubwa kwangu kwa miaka minne. Miaka kumi na moja iliyopita, bei ya kahawa ilipoanguka na dawa ya kunyunyizia ikawa haionekani, alimwambia baba tung'oe sehemu ya mibuni tupande nyanya. Baba alikataa. Siku baba alipokwenda msibani Machame, Aloisi akachukua shoka na kuangusha safu tatu. Baba aliporudi hakupiga kelele. Alizunguka shamba lote, akahesabu visiki, kisha akamwambia, "Mti uliokusomesha umeukata. Basi nenda kasome kwingine." Aloisi akaondoka jioni ile ile, na hata mwaka jana tulipomzika baba hakuonekana.

Wiki moja kabla ya kufa, baba alifumbua macho akasema, "Ile baiskeli msiiuze. Ni ya Aloisi." Halafu akaomba uji. Hakulizungumzia tena.

Karakana ya Mzee Kristofa

Baiskeli yenyewe ilikuwa imelala ghalani miaka mingi, kuku wakitagia juu ya keria yake. Ni baiskeli ya safari ya Kiingereza, nyepesi, yenye usukani uliopinda kama pembe za kondoo dume na gia tano nyuma. Baba aliipata kwa mwalimu mmoja Mzungu aliyekuwa anarudi kwao. Aloisi alifundishwa kuipanda; mimi nilifundishwa kuifuta vumbi. Kupanda nilijifunza chuoni, kwa baiskeli ya mpishi.

Niliishusha mjini Moshi kwa pikapu ya ndizi, nikaipeleka kwa Mzee Kristofa, fundi mwenye karakana nyuma ya soko. Ni mtu asiyeongea sana na watu, ila na baiskeli huongea kutwa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Nani kaiua?"

Alichukua mwezi mzima. Tangu biashara ifunguliwe, maduka ya mjini yamejaa vipuri vya India na China, lakini cha baiskeli ile hakikuwepo hata kimoja. Tairi za kipimo chake hazipatikani tena, kwa hiyo akaweka rimu ndogo zaidi na kuzisuka spoki upya, moja moja, akizigonga kwa ukucha na kusikiliza mlio. Rimu zilipobadilika, breki hazikufikia; akatengeneza mikono mirefu ya breki kwa vipande vya springi ya gari. Siti ya ngozi, iliyokuwa ngumu kama kigae, aliipaka mafuta ya ng'ombe siku tisa mfululizo. Gia mbili zilishindikana kabisa. Zilizobaki alizipa majina: gia ya mlima, gia ya bonde, na gia ya kwenda kanisani.

Mimi nilikuwa nataka irudi kama baba alivyoiacha. Siku aliyoufungua ule usukani wa pembe na kuweka ulionyooka, tulikaribia kugombana.

"Mzee, huo ndio uliokuwa uzuri wake."

"Mwalimu, unataka baiskeli ya kutundika ukutani au ya kufika?"

"Ya kufika."

"Basi usinibishie."

Kwenye rangi ndipo nilipokosa kumbishia. Nilisafiri kwenda kusimamia mitihani, na niliporudi nilimkuta anaifuta kwa kitambaa, amefurahi kama bwana harusi. Alikuwa na makopo mawili yaliyobaki: kijani na njano. Fremu kijani, madigadi njano. Ilikuwa inang'aa kama kasuku. Wote mnajua mwaka huu ni wa kampeni, kijani na njano ni rangi za chama tawala, na huku kwetu mlimani mnajua chama hicho kinapendwa kiasi gani. Mimi na Mzee Kristofa hatukuliwaza hilo hata kidogo.

Ningeweza kuipakia juu ya basi. Mzee Kristofa alisema spoki mpya hazipendi kurushwarushwa. Ukweli ni kwamba nilitaka niipande mimi, walau safari moja, kabla sijaikabidhi.

Mama hakunizuia. Asubuhi ya kuondoka, nyumbani Kibosho, alikata jani la sale kutoka mpakani mwa kihamba, shamba letu la ukoo, akalifunga kwenye usukani kwa uzi mwekundu. Wasio wa huku wajue kwamba sale ni jani la amani: ukimpelekea mtu kumwomba msamaha, hawezi kukukataa.

"Mwambie nimelituma mimi," alisema. "Akija, aje. Asipokuja, basi nitajua."

Moshi hadi Marangu

Habari ya mwisho tuliyokuwa nayo ni kwamba Aloisi anauza maharage Tarakea. Kwa hiyo nilielekea mashariki. Hadi Himo ni lami, na kwenye lami niligundua kwamba gia ya bonde ni tamu. Watoto walinikimbilia. Mzee mmoja alivua kofia. Nikaanza kujiona.

Himo nikakunja kushoto kuelekea mlimani, na kujiona kukaisha. Gia ya mlima iliniruka mara tatu, ya nne nikashuka. Kuanzia hapo mimi ndiye niliyeibeba, kwa maana ya kuisukuma. Pancha ya kwanza niliipata mbele ya kilabu cha mbege, na kila aliyekuwa ndani alitoka na ushauri wake. Mmoja alishika pampu, mwingine solusheni, wa tatu alishika kata ya mbege na kuniambia ninywe kwanza, pancha haiponi kwa mtu mwenye kiu. Saa mbili zikapita.

Marangu Mtoni nilikutana na wapagazi waliokuwa wamerudi kutoka mlimani, wamekaa juu ya mizigo yao. Kijana mmoja aliitazama baiskeli, akanitazama na mimi.

"Dada, hiyo getini hawairuhusu."

"Sipandi mlimani. Nauzunguka."

"Wote?"

"Wote, ikibidi."

Aliwageukia wenzake akawaeleza kwa Kichagga, nao wakalijadili jambo hilo kwa uzito. Mwishowe mkubwa wao akasema, "Sasa si ungepita tu juu? Ni karibu." Hakuna aliyecheka, kwa hiyo mpaka leo sijui kama ulikuwa utani. Huyo huyo akajitwika begi langu kichwani, akanisindikiza kilima kizima hadi kwa Elinami, mwalimu niliyesoma naye chuoni. "Aika mbe," nilimshukuru kwa Kichagga nilipopata pumzi. Elinami alinipa mtori mzito wa ndizi wenye nyama ya mbavu. Nilikunywa bakuli tatu, nikalala kabla hajamaliza kuniuliza habari za nyumbani.

Marangu hadi Mkuu

Njia ya Rombo ilikuwa ya udongo mwekundu, inashuka kwenye kila korongo na kupanda tena, kama vile aliyeichora alikuwa na kwikwi. Mambo yaliharibika mbele kidogo ya Mwika. Niliposimama kuomba maji, mama mmoja aliniangalia toka mgombani akasema, "Mmekuja tena?"

"Nani, mama?"

"Nyie. Nendeni mkawaambie waliowatuma, kahawa yetu kwanza."

Sikuelewa. Kijiji kilichofuata vijana walinipungia vidole viwili na kuzomea. Kijiji cha tatu mtu alinifungia geti. Nilikuwa nimekaribia Mkuu, nimesimama kwenye kivuli cha kilabu, koo limekauka, wakati mzee mwenye koti la mvua alipotoka na kusema kwa upole, "Mama, kura zetu huku zimeshapata mwenyewe. Usijichoshe na jua."

Hapo ndipo nikaiangalia baiskeli. Fremu kijani. Madigadi njano. Nikacheka mpaka nikakaa chini.

"Mzee, shikamoo. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi. Rangi hii ni ya fundi."

Ilibidi niwaeleze yote: baba, Aloisi, Mzee Kristofa na makopo yake mawili. Walinisikiliza kama kesi. Mzee wa koti la mvua alipitisha hukumu: asiyeijua habari hii huko mbele atanipiga mawe, kwa hiyo baiskeli ivikwe. Wakaleta majani makavu ya mgomba, wakaizungushia fremu yote na madigadi, wakaikaza kwa kamba za mgomba. Ilikuwa kama mzigo wa ndizi unaokwenda sokoni, ila wenye magurudumu. Kisha wakanipa kiburu, ndizi zilizopikwa na maharage, na kunitafutia pa kulala kwa mjane mmoja, Mama Pulkeria, aliyekuwa na mbuzi sita.

Asubuhi nilimkuta Mama Pulkeria amesimama uani, mkono mdomoni. Mbuzi mmoja alikuwa amekata kamba. Majani makavu hakuyajali. Alikwenda moja kwa moja kwenye kitu kimoja kibichi kilichokuwepo, na kwenye usukani ulibaki uzi mwekundu tu.

"Ilikuwa sale ya nani?" aliuliza.

"Ya mama yangu. Kwa kaka yangu."

Alimtazama mbuzi kwa muda. "Basi huyu amesamehewa," alisema.

Nilitaka kukata sale nyingine hapo hapo, imejaa mipaka yote ya Mkuu. Lakini ingekuwa sale ya Mama Pulkeria. Mama alisema nimwambie ameituma yeye. Nikaondoka bila kitu.

Mkuu hadi Tarakea

Upande ule mlima una sura nyingine. Sisi Wakibosho tumezoea kilele cha Kibo, cheupe na cha duara, tukidhani ndio uso wenyewe. Kule unatembea siku nzima na Mawenzi, meno matupu.

Pancha ya pili, Useri. Nilikunywa chai na fundi wa redio aliyekuwa na kiraka kimoja tu, akanipa. Cheni ikatoka mara tano. Nilifika Tarakea alasiri, na kizuizini akanisimamisha askari kijana ambaye bila shaka alikuwa amefundishwa kwamba karibu na mpaka kila kilichofungwa kina kitu ndani.

"Umeficha nini humo?"

"Baiskeli."

"Ndani ya baiskeli?"

"Hapana. Ndani ya majani."

"Na ndani ya majani kuna nini?"

"Baiskeli, afande."

Aliona namchezea. Akaniamuru nikae kwenye benchi, akaanza kuyafungua majani, jani moja moja, watu wakikusanyika. Likatokea bomba la kijani. Akapunguza kasi. Likatokea digadi la njano. Akasimama wima, akaikunguta mikono yake, akaangalia kulia na kushoto.

"Samahani, mheshimiwa," alisema kwa sauti ya chini. "Ungesema mapema."

Nilijaribu kumweleza. Kadiri nilivyoeleza ndivyo alivyozidi kuniheshimu. Mwishowe akanipeleka yeye mwenyewe kwa mama wa chai jirani, akamwambia anihudumie vizuri.

Mama wa chai, mnene, mcheshi, alinipa chapati mbili na chai ya maziwa. Nikamuuliza kama anamfahamu Aloisi wa Kibosho, muuza maharage.

Aliacha kumimina. "Wewe ni nani wake?"

"Dada yake."

"Wewe ndiye Beata?"

Aliingia ndani akarudi na bahasha iliyoingia mafuta. Mwandiko ulikuwa wangu. Ilikuwa barua niliyomwandikia Aloisi baba alipoanza kuugua, nikampa dereva wa lori aliyeniahidi atamfikishia mkononi.

"Kaka yako alihamia Kamwanga miaka mitatu sasa," alisema. "Alisema atapita, nimwekee barua zake. Hajapita. Nikaiweka nyuma ya kopo la sukari, nikamngoja."

Kule nyumbani tulikuwa tumemhukumu mwaka mzima. Mimi ndiye niliyekuwa mkali kuliko wote. Pale kaburini nilisema maneno ambayo siyarudii hapa. Na barua ilikuwa imekaa nyuma ya sukari. Chapati ya pili nilimrudishia.

Tarakea hadi Kamwanga

Kutoka Tarakea barabara inapita kwenye misitu ya misonobari, kimya, vumbi laini kama unga. Nilikuwa naendesha vizuri, tena gia ya mlima imepata adabu, wakati akina mama watatu wenye vikapu vya karoti waliponipungia nisimame.

"Kuna wakubwa wanavuka."

Nilidhani ni msafara wa viongozi. Walikuwa tembo. Tulikaa nyuma ya gogo zaidi ya saa moja, tukila karoti. Niliona migongo miwili na sikio moja, hayo tu. Wanaosema nililala nao wananionea. Mmoja wa wale mama aliniuliza nakwenda wapi, nikamwambia.

"Kaka yako ana hasira?"

"Sijui. Sijamwona miaka kumi na moja."

"Anayekaa miaka yote hiyo hana hasira tena," alisema, akivunja karoti. "Ana aibu. Aibu ndiyo inayokaa."

Nilifika Kamwanga jua likiwa bado juu. Ni mahali pa viazi na maharage, mashamba meusi yanapanda mpaka msituni, na mlima upo hapo hapo juu ya mapaa, ila umekupa mgongo. Nilielekezwa nyumba ya mabanzi yenye bati jipya. Nilikuwa nimevaa sketi ya kijivu na kitambaa cheupe kichwani kwa ajili ya vumbi. Mwanamke aliyetoka alinitazama, akajifuta mikono, akasema kwa heshima:

"Tumsifu Yesu Kristo. Sista, mchango tulishatoa kigangoni."

"Milele amina. Mimi si sista. Mimi ni wifi yako."

Kamwanga

Jina lake Restituta. Alilia kwanza, halafu akaweka viazi motoni, halafu akamtuma binti yake mkubwa shambani. Nilimwona Aloisi anakuja toka mbali, jembe begani. Amenenepa. Ana mvi. Anatembea kama baba, mikono nyuma, na hilo halikunisaidia hata kidogo.

Alisimama hatua kumi hivi kutoka kwangu.

"Nani amekufa?" aliuliza.

"Hakuna. Yaani, hakuna mwingine."

"Ya baba nilisikia." Aliliweka jembe chini taratibu. "Nilisikia sokoni, siku tisa baada ya mazishi, kwa mnunuzi wa maharage kutoka Bomang'ombe. Alidhani najua. Nikasema, kumbe hata kuzika hawakutaka nizike."

Nikampa bahasha. Alisoma akiwa amesimama. Ni barua fupi: *Baba anaumwa, njoo.* Aliisoma kwa muda mrefu mno kwa barua fupi vile.

"Ilikaa wapi?"

"Nyuma ya kopo la sukari, Tarakea. Na mimi sikuja kukutafuta. Nilingoja uje, nikakasirika."

Aliikunja ile barua. Nikaona nikinyamaza tutasimama pale mpaka mvua za masika. Nikasema, "Mama alikutumia sale."

Uso wake ukabadilika. Akaangalia mikono yangu. "Iko wapi?"

"Mbuzi ameila. Mkuu."

Aloisi alinikazia macho. Nikaona mdomo wake unatetemeka, nikaogopa. Halafu kumbe ni kicheko. Kilimtoka kwa pua kwanza, kisha akakaa chini kwenye matuta ya viazi, akacheka huku machozi yanamshuka, na mimi nikakaa karibu naye, na Restituta akasimama mlangoni na mwiko asijue kama aje au asije.

Baadaye tu ndipo alipoitazama baiskeli. Hakuitambua. "Umenunua?" aliuliza. Aliizunguka, akainama, akaizungusha pedeli kinyumenyume na kusikiliza mlio wake, tik-tik-tik, kama mtu anayesikiliza redio.

"Ni yenyewe," alisema. "Mungu wangu, mmeifanya nini?"

"Aliiacha kwako. Alisema, 'Msiiuze. Ni ya Aloisi.'"

"Kwa mdomo wake?"

"Kwa mdomo wake."

"Akasema nini tena?"

Ningeweza kutunga. Alikuwa anataka sana kitu kingine, nilimwona. "Akaomba uji," nilisema.

Alitikisa kichwa polepole. Tulikula viazi vya kuchemsha kwa chumvi na maziwa mgando. Nilipomwambia mama anamngoja, alisema viazi viko shambani, havijavunwa vyote, haiwezekani. Nikamwelewa. Siku ya pili nilifungasha begi, nikamwachia baiskeli ukutani, nikaenda kungoja lori la viazi la kwenda Sanya Juu. Lori lilikuwa limeshaanza kunguruma wakati Aloisi alipokuja anaendesha baiskeli yake ya Kichina kwa mkono mmoja, anaiburuza ya baba kwa mkono wa pili, gunia la viazi limefungwa kwenye keria.

"Panda," aliniambia. "Wewe ndiye unayeijua breki yake."

Kamwanga hadi Bomang'ombe

Magharibi ya mlima ni nchi ya upepo. Ngano, ng'ombe, vumbi linalosimama kama nguzo. Aloisi anaendesha polepole na anazungumza sana. Miaka kumi na moja ilimtoka yote kabla ya Sanya Juu. Alinieleza kwamba ukungu uliua nyanya zake mwaka wa kwanza tu, zote, na kwamba alicheka peke yake shambani kama kichaa, kwa sababu baba alikuwa ameyasema hayo hayo.

Sanya Juu tulilala kanisani, kwenye ukumbi, juu ya mabenchi. Tulikula mahindi ya kuchoma na jirani mmoja wa Kimasai aliyeitazama gia kwa nusu saa bila kusema neno, kisha akauliza inakula nini.

Kutoka hapo ni mteremko mtupu mpaka Bomang'ombe. Niliachia. Naomba mnisamehe wote mliowahi kunisikia nikiwahubiria wanafunzi habari za tahadhari, lakini niliachia. Mikono ya breki ya springi ya gari ilishika vizuri hadi nilipoona mapaa ya soko. Hapo mmoja ukavunjika, tak, na wa pili ukaufuata kwa huruma.

"Breki!" nilipiga kelele.

"Shika breki!" Aloisi akajibu nyuma yangu.

"Ndizo zilizokatika!"

Watu wa Boma ni wepesi. Walifungua njia. Mwisho wa njia hiyo palikuwa na rundo la vitunguu na mwenye vitunguu, na yeye ndiye pekee ambaye hakusogea. Nilichagua vitunguu. Nilipoinua kichwa alikuwa amesimama juu yangu, mikono kiunoni.

"Mama, umeumia?"

"Hapana."

"Basi viokote. Vyote. Na vya chini ya meza."

Tuliviokota, mimi na Aloisi, kwa magoti, soko zima likituhesabia. Kisha mwenye vitunguu mwenyewe akatununulia chai, maana alisema tangu asubuhi hakuwa amecheka.

Bomang'ombe hadi Kibosho

Fundi wa Boma alitufungia breki kwa waya. Kwenye lami Aloisi alikuwa ameacha kuzungumza. Tulipokunja kuanza kupanda Kibosho akasimama kuangalia upepo wa tairi. Ulikuwa umejaa. Mbele kidogo akasimama tena.

"Aloisi, tairi ni gumu kama jiwe."

"Najua." Alikaa kwenye ukingo wa daraja. "Pengine nilale mjini. Nije kesho nimeoga."

Nilikaa naye tu. Maji yalikuwa yanapita chini, wanafunzi walipita, wakatuamkia. Hatimaye aliinuka mwenyewe, akaanza kusukuma.

Mama alikuwa uani anapeta maharage. Alituona tukiingia, akaendelea kupeta mpaka ungo ukaisha. Ndipo akauweka chini.

"Shikamoo, mama," Aloisi alisema.

"Marahaba, mwanangu. Hayo ni maharage gani umeleta?"

"Ni viazi, mama."

"Weka jikoni."

Hivyo tu. Lakini alipompita, mama alimshika shati mgongoni, akakaa amelishika kwa muda, na Aloisi akasimama kama mtoto anayefungwa kifungo.

Alikaa siku nne. Alikwenda kaburini peke yake na sikumuuliza alisema nini. Alipogolea mibuni. Alikula kila kilichopikwa. Siku ya tano viazi vikamwita, na asubuhi akafunga mizigo: gari la kwenda Boma lingeichukua ile ya Kichina, ya baba angeipanda mwenyewe.

Njia ya kutoka kwetu hadi barabarani ni kilima kifupi lakini kibaya. Aloisi alipanda, akaanza kukanyaga, na baiskeli ikayumba. Nilikuwa nataka kumwambia ashuke. Mama alinipita. Ana miaka zaidi ya sabini na goti moja halikunji, lakini alikwenda mbio zake ndogo, akaishika keria kwa mikono miwili, akaanza kumsukuma.

"Mama, acha! Mama, utaanguka!"

"Kanyaga!"

Alimsukuma kilima chote, kanga ikiburuzika kwenye vumbi, Aloisi akicheka na kukanyaga, mpaka pale juu penye tambarare, ndipo akaiachia. Kaka yangu aligeuka mara moja, akainua mkono, akapotea nyuma ya migomba.

Mama alirudi anahema. Alikaa kwenye gogo karibu nami, akajifuta jasho kwa ncha ya kanga. Nilidhani atalia.

"Huko Kamwanga wanakula vizuri," alisema. "Amekuwa mzito."